Ufundi tu, mkataba kamili au sanifu-na-jenga: namna ya kuchagua mkataba kabla ya kuchimba msingi

Waombe mafundi watatu bei ya kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa ramani ileile, utaletewa bei ambazo hazikaribiani hata kidogo. Hapo watu huamua kwamba mmoja ni mwizi na mwingine hajui kazi. Mara nyingi wote watatu wako sawa. Wa kwanza ametaja ufundi peke yake. Wa pili ameweka saruji na nondo, milango ameiacha. Wa tatu ameweka kila kitu, na juu yake ameongeza malipo ya kubeba hasara ambayo wenzake wamekuachia wewe. Kabla ya kubishana bei, amua kwanza unanunua nini na nani atalipa mambo yakienda kombo.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayejenga nyumba au fremu za biashara, na kwa kamati ya msikiti, kanisa au shule. Mifano mingi ni ya Tanzania, na michache ya Kenya.

Hatua ya 1: Jibu maswali matatu kabla ya kumpigia fundi yeyote

Swali la kwanza: ramani yako imefikia wapi? Ramani inayoonyesha vyumba na sura ya nyumba inaweza kutosha kuombea kibali, lakini haitoshi kupangia bei. Fundi anahitaji michoro ya mhandisi inayoonyesha kina cha msingi, ukubwa wa nondo na unene wa zege. Anahitaji pia orodha ya milango, madirisha, vigae na vifaa vya maji na umeme. Kila kisichochorwa kitakisiwa, na gharama ya makisio hayo itamwangukia mmojawenu.

Swali la pili: nani atakuwepo saiti? Nazungumzia mtu wa kuwepo saa moja asubuhi fundi anapodai mifuko kumi ya saruji, na saa kumi jioni inapobidi kuhesabu mifuko mitupu. Kwa aliye Muscat, London au Minnesota anayejenga Kigamboni, hili ndilo swali zito kuliko yote, na jibu la "shemeji atasimamia" si jibu. Shemeji ana kazi zake, hajui kusoma mchoro, na ukimkagua hesabu ugomvi unahamia kwenye familia.

Swali la tatu: fedha zinakujaje? Kama ni kidogokidogo kutoka kwenye mshahara au michango, usisaini mkataba wa nyumba nzima. Ukikwama miezi minne bei za vifaa zitapanda, mkandarasi atahamisha watu wake, na kisheria mwenye kosa utakuwa wewe. Gawa kazi iwe mikataba midogo inayojitegemea: msingi hadi jamvi (zege la sakafu), boma (kuta) hadi lenta na mkanda (zege linalofunga kuta juu ya milango na madirisha), kupaua, kisha umaliziaji. Kila kipande kisainiwe fedha yake ikiwa tayari mkononi.

Hatua ya 2: Zijue njia zilizopo

Njia ya chini kabisa ni kibarua cha siku. Unalipa watu kwa siku, nawe unabeba kila kitu kingine. Inafaa kusafisha kiwanja, kuhamisha kifusi, au kazi ndogo isiyopimika. Kujenga nyumba kwa njia hii ni kumlipa fundi ili achelewe.

Inayofuata ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya miji yetu: ufundi tu. Mteja ananunua vifaa, fundi anataja bei ya kazi kwa hatua au kwa tofali. Inapendwa kwa sababu bei ya fundi huonekana ndogo. Kisichosemwa ni kwamba siku ulipokubali ufundi tu, mkandarasi umekuwa wewe. Mchanga ukija na udongo ndani, ni juu yako. Nondo zikipotea usiku, ni juu yako. Fundi akikaa bure siku mbili kwa sababu lori la kokoto halijafika, atakudai siku hizo, na ana haki. Kama una muda, unajua bei za vifaa na unaishi karibu, njia hii inaokoa fedha za kweli. Ukikosa kimojawapo, utakachookoa kwenye faida ya mkandarasi kitaishia kwenye upotevu.

Serikali ya Tanzania nayo hutumia binamu wa njia hii, inayoitwa fosi akaunti. Shule au zahanati inapokea fedha, kamati zinaundwa, moja ya manunuzi, moja ya mapokezi ya vifaa na moja ya ujenzi, kisha mafundi wa eneo wanaajiriwa bila mkandarasi mkuu. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 ya mpango wa UVIKO-19 kuanzia mwaka 2021, kwa Sh milioni 20 kila chumba. Kamati ya kanisa au ya ukoo inaweza kuiga mpangilio huo, hasa sehemu moja: anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Watu wawili tofauti, daftari mbili tofauti, na mwisho wa wiki zisomwe pamoja. Ila kiwango kimoja cha fedha kwa nchi nzima kina udhaifu wake. Mchanga wa Morogoro na mchanga unaovushwa kwa boti kwenda kisiwani Ukerewe haviwezi kuwa bei moja, na pengo hilo kamati ndiyo inayolala nalo.

Njia ya tatu ni mkataba kamili, yaani bei moja kwa kazi yote, ufundi na vifaa. Mkandarasi anasoma michoro, anataja kiasi kimoja, na akikosea hesabu ya tofali hasara ni yake. Ni njia nzuri sana kwa michoro iliyokamilika. Kwa michoro nusu ni mtego kwa pande zote mbili, maana kila kitu ambacho hakikuchorwa kitarudi kama "kazi ya ziada".

Ya nne ni bei kwa kipimo. Mkadiriaji majenzi anatayarisha BOQ, yaani orodha ya kila kazi na kiasi chake: mita za ujazo za kuchimba, mita za mraba za ukuta, kilo za nondo. Mkandarasi anajaza bei ya kila kipimo, na mwisho unalipa kilichopimwa saitini. Kiasi kikizidi ni juu yako. Bei ya kipimo haibadiliki. Kazi nyingi za barabara na majengo ya umma huenda hivi.

Ya tano ni sanifu-na-jenga. Unampa mtu mmoja mahitaji yako, anachora na kujenga kwa mkataba mmoja. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, mkataba wa Yapi Merkezi na Mota-Engil wa mwaka 2017, ilikwenda kwa njia hii. Faida yake ni kwamba hakuna mchoraji wa kumlaumu mjenzi wala mjenzi wa kumlaumu mchoraji. Hasara yake ni kwamba anayeamua unene wa zege ndiye anayefaidika likiwa jembamba. Usiingie huku bila mhandisi wako mwenyewe, unayemlipa wewe, wa kupitia michoro kabla haijajengwa. Na andika unachotaka kwa vipimo. "Nyumba ya kisasa yenye umaliziaji mzuri" haipimiki. Andika kwamba tangi la maji ni la lita 5,000, vigae vya sakafu ni vya porselini vya sentimita 60 kwa 60, na bati ni la geji 28.

Ipo pia njia ya gharama halisi na ada, nayo ina mahali pake hasa. Mtu anayekarabati nyumba ya kale Mji Mkongwe wa Zanzibar hajui boriti za mikoko zimeoza kiasi gani hadi plasta ya chokaa itolewe. Mkandarasi atakayetaja bei moja kwa kazi ya namna hiyo ama hajui anachokifanya ama amejiwekea fungu kubwa la hofu. Lipa gharama kwa risiti, ongeza ada mliyokubaliana, na weka ukomo ambao haupitwi bila saini yako. Ada iwe kiasi maalumu. Ikiwa asilimia, kila shilingi anayotumia inamwongezea kipato.

Na kuna njia ya kugawa: fundi wa boma mkataba wake, wa paa wake, wa alumini wake, huku meneja ujenzi unayemlipa ada akiwapanga. Wengi wanaijenga nyumba hivi bila kujua, ila bila meneja, na hapo ndipo fundi umeme anapokuja kukata ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Miradi ambayo mjenzi analeta fedha zake na kurudishiwa kwa tozo, kama Nairobi Expressway ya kilomita 27 ambayo mwendeshaji anatoza magari kwa miaka 27, haikuhusu kwenye kiwanja chako, isipokuwa una kiwanja mjini na mtu anataka kukujengea ghorofa mgawane vyumba. Hilo ni jambo la wakili kabla ya fundi.

Hatua ya 3: Chukua tukio moja baya, lipitishe kwenye kila mkataba

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, maana hapa tofauti zinaacha kuwa za nadharia.

Tuseme msingi wako una jumla ya mita 60 za urefu, mtaro una upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Hiyo ni mita za ujazo 36 za kuchimba. Siku ya pili mafundi wanakuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mhandisi anasema mshuke hadi mita 1.6. Uchimbaji sasa ni mita za ujazo 57.6, ongezeko la 21.6. Ukuta wa msingi umeongezeka mita za mraba 36, karibu tofali 480 za inchi 6 zikilazwa, pamoja na saruji na mchanga wake. Nani analipa?

Kwa kibarua cha siku, wewe. Kwa ufundi tu, vifaa vyote vya ziada ni vyako bila ubishi, na fundi atataka nyongeza ya kazi. Kama mlikubaliana "msingi mzima kwa kiasi fulani" bila kutaja kina, wote wawili mtakuwa na hoja, na kazi itasimama.

Kwa bei moja, kila kitu kinategemea sentensi moja ndani ya mkataba. Mteja atasema bei ni bei. Mkandarasi atasema ardhi hii haikutarajiwa. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana katika miradi mikubwa Afrika Mashariki, imelijibu swali hili kwa rangi za vitabu vyake. Kitabu chekundu, cha kazi iliyosanifiwa na mteja na kulipwa kwa kipimo, na cha njano, cha sanifu-na-jenga, vinamwachia mteja hatari ya hali ya ardhi ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitabiri. Kitabu cha rangi ya fedha, cha kukabidhiwa mradi ukiwa tayari kuwashwa, kinamtwika mkandarasi hatari hiyo, naye huilipia kwenye bei yake. Matoleo yanayotajwa zaidi ni ya 1999 na 2017. Wewe hutatumia FIDIC kwa nyumba ya vyumba vitatu, lakini swali wanaloliuliza ni lako pia.

Kwa BOQ hakuna kelele. Ikiwa bei ya kuchimba ni Sh 15,000 kwa mita ya ujazo, nyongeza ya kuchimba ni Sh 324,000, na ukuta nao unapimwa kwa bei yake. Inauma, lakini inahesabika ndani ya dakika tano.

Kwa sanifu-na-jenga hasara ni yake ikiwa ulimpa nafasi ya kupima udongo na mkaandika hivyo. Kama ulimkataza kuingia kiwanjani hadi mkataba usainiwe, atarudi kwako.

Dawa yake inagharimu kidogo: kabla ya kuomba bei, chimbisha mashimo mawili au matatu ya majaribio hadi mita 2, sehemu tofauti za kiwanja. Piga picha, waonyeshe wote wanaotaja bei. Kisha rudia zoezi hili la maswali kwa matukio mengine matatu: bei ya nondo kupanda, wewe kubadili mpango wa jiko katikati ya kazi, na mvua za wiki tatu mfululizo.

Hatua ya 4: Zifanye bei zilinganishike

Usiwaachie wanaoomba kazi waandike wanavyotaka. Wape karatasi moja ya kujaza, yenye mistari ileile kwa wote. Mistari inayosahaulika ni hii:

- maji na umeme wa saiti, na mlinzi wa usiku
- mirunda, mbao za kufungia zege na mashine ya kuchanganyia
- usafiri wa vifaa hadi kiwanjani, hasa kama barabara haipitiki masika
- kuondoa kifusi na kusawazisha eneo
- shimo la maji taka, uzio na geti
- VAT, ambayo Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18 na Kenya ni 16. Uliza kama imo

Kwa ufundi tu, jumlisha mwenyewe vifaa, upotevu, gharama ya msimamizi na safari zako, ndipo ulinganishe na bei ya mkandarasi. Watu hulinganisha ufundi wa milioni tisa na mkataba wa milioni arobaini, kana kwamba ni bidhaa moja. Kisha, kwa njia yoyote utakayochagua, tenga asilimia 5 hadi 10 ya dharura, na usimwambie fundi ipo.

Bei ya chini sana kuliko nyingine usiifurahie haraka. Muulize alivyoipata. Kama alisahau paa, bora ulijue leo.

Hatua ya 5: Panga malipo yafuate kazi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na aina ya mkataba haitakuokoa. Ratiba ya kawaida mitaani ni asilimia 40 ya kuanzia, 40 kwenye lenta na 20 mwisho. Umaliziaji wa nyumba mara nyingi hula nusu ya gharama yote au zaidi, kwa hiyo mtu aliyefika lenta na asilimia 80 mfukoni hana sababu ya kurudi. Sihitaji kumwita tapeli. Hesabu yenyewe inamfukuza.

Malipo ya awali yatoshe kuleta vifaa vya kwanza tu. Baada ya hapo lipa kilichokwisha kukaguliwa. Zuia asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo, nusu yake itoke siku ya makabidhiano na nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Fundi mdogo hawezi kumudu zuio kubwa, ana vibarua wa kulipa Jumamosi, kwa hiyo kwake tumia hatua fupifupi badala ya kumnyima hela.

Kuchelewa nako kuwe na bei iliyoandikwa, kiasi kwa wiki, kikiwa na ukomo. Asilimia 10 ya mkataba ni kawaida. Usidhani lakini kwamba mkataba mkali unaharakisha kazi. Bwawa la Julius Nyerere lilisainiwa Desemba 2018 kwa mkataba wa kukabidhiwa mradi kamili, likalenga Juni 2022, na mashine ya kwanza ilianza kutoa umeme Februari 2024.

Hatua ya 6: Andika, saini, hakiki

Mkataba mfupi unaosomeka ni bora kuliko kurasa 60 ulizonakili bila kuzielewa. Uwe na majina, kiwanja, michoro iliyosainiwa kila ukurasa, aina ya bei, ratiba ya malipo, tarehe, nani ananunua nini, nani anabeba hatari ya ardhi, bei za vifaa na mvua, na utaratibu wa mabadiliko: hakuna kazi ya ziada bila bei iliyokubaliwa kwa maandishi kabla ya kuanza. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhesabika kama maandishi, mradi mkataba useme hivyo na utaje namba za simu.

Kwa mkandarasi, omba namba ya usajili na daraja, kisha uhakiki mwenyewe kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Madaraja ya majengo yanaanzia la 7, la chini, hadi la 1. Kenya ni mamlaka ya ujenzi, NCA, yenye madaraja 8. Kwa Tanzania, wasanifu na wakadiriaji wako chini ya bodi yao ya usajili, AQRB, na wahandisi chini ya yao, ERB. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, linashughulikia pia migogoro ya mikataba ya ujenzi, na ni vema mkataba useme mapema mtaanzia wapi kabla ya mahakama.

Siku ya makabidhiano tembea nyumba nzima na orodha mkononi. Fungua kila bomba, washa kila taa, mwaga ndoo ya maji bafuni uone yanaelekea wapi. Kipindi cha matazamio huwekwa miezi 6 au 12. Ukikabidhiwa nyumba Juni, chagua 12, ili zuio liwe bado mkononi mwako masika ya Machi hadi Mei yatakapopima paa, mifereji na ule msingi.